Kaimati za Bibi na historia tuliyoiacha jikoni

SIKU chache kabla ya Ramadhani nilipigiwa simu na mama mmoja wa Mombasa niliyemjua akiwa mtoto wa shule ya msingi. Baada ya kuamkiana na kujuliana hali, akaniuliza swali ambalo halijanitoka akilini hadi leo.

"Profesa, wewe si ulimrekodi Bibi zile siku ulizokaa kwetu? Hamna mahali alipoeleza kaimati zake?"

Bibi huyo ni nyanya yake, sasa marehemu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi wa uzamifu, alinipokea nyumbani kwake Mji wa Kale nilipokuwa nikikusanya fasihi simulizi. Nilikaa pale miezi minne. Nilimnasa kwenye kanda akitega vitendawili, akisimulia ngano, akiimba nyimbo za kubembelezea watoto na kufafanua methali. Kanda zile ndizo zilizonipa shahada, na shahada ndiyo iliyonipa kazi ninayokaribia kustaafu.

Nilimjibu mama yule kwamba sikuwahi kumuuliza Bibi mapishi. Nilikuwa nikitafiti fasihi, si chakula. Nilipokata simu, jibu langu lenyewe likanichoma. Kwa miezi minne nilikula kaimati, mahamri, mbaazi za nazi na biriani ya Bibi, nikamshukuru kila siku, kisha nikamwomba atoke jikoni aje sebuleni "tuanze kazi". Kumbe kazi ilikuwa imeanza kabla sijafungua kinasa sauti.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajazionja, kaimati ni vidonge vya unga wa ngano uliotiwa hamira ukaumuka. Hukaangwa katika mafuta mengi, kisha hugaragazwa ndani ya shira ya sukari. Havikosekani kwenye futari ya Pwani. Ni chakula chepesi kupika, lakini kina historia ndefu kuliko vitabu vingi vilivyo katika maktaba yangu.

Tuanze na jina. Kwa Kiarabu tonge huitwa 'luqma'. Vitonge vidogo vidogo ni 'luqaimat', na hadi leo ndilo jina la chakula hiki katika nchi za Ghuba. Kiswahili kilipolipokea neno hilo kiliangusha silabi ya kwanza, kikageuza q kuwa k, kikafunga mwisho kwa irabu kama ilivyo ada yake. Tukapata kaimati.

Sasa mapishi yenyewe. Mwaka wa 1226, mjini Baghdad, mtu aitwaye Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha upishi. Katika utangulizi wake aligawa starehe za dunia mafungu sita, akasema iliyo tukufu kuliko zote ni chakula. Humo kuna pishi la 'luqam al-qadi', yaani matonge ya kadhi. Maelezo yake ni mafupi ajabu: kanda donge gumu, liache liumuke, kata vipande vidogo, kaanga katika mafuta ya ufuta, chovya katika shira, nyunyizia sukari iliyosagwa. Basi.

Miaka 32 baadaye, mnamo 1258, Wamongolia waliiteka Baghdad na kuiangamiza. Khalifa akauawa na ukhalifa wa Abbasi ukakoma pale. Lakini matonge ya kadhi hayakufa. Waturuki wanayaita 'lokma', Wagiriki 'loukoumades', sisi kaimati. Dola ilianguka, donge la unga likaendelea kuumuka.

Hebu turudi kwenye pwani zetu. Ibn Battuta alipopita huku mwaka wa 1331, alipofika Mogadishu aliletewa chakula akakieleza kwa makini ya mtu mwenye njaa. Aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika sinia kubwa la mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoandamana na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mtu yeyote aliyekula ndizi mbichi za nazi kule Lamu au Mombasa ataona kwamba chakula hicho bado kina jamaa zake hai, ila tui limechukua nafasi ya maziwa.

Angalia pia kile ambacho hakingeweza kuwamo katika sinia lile. Hapakuwa na nyanya, viazi, wala pilipili hoho. Mimea hiyo yote asili yake ni bara la Amerika, na ilianza kuvuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492. Pilipili aliyoila Ibn Battuta haikuwa hoho. Ile tunayoiita pilipili manga tuliijua mapema zaidi, na jina lake linatuelekeza Uarabuni, kwa maana Manga ndiko huko.

Mahindi nayo yametuchezea shere. Jina linatufanya tudhani yametoka Uhindini, na kumbe ni mmea wa Amerika uliotujia baada ya Wareno kuanza kusafiri bahari hizi. Tusijione wajinga peke yetu. Waitaliano huyaita 'granturco', yaani nafaka ya Kituruki! Watu hukipa chakula jina la mlango kilikoingilia, si la shamba kilikoota mara ya kwanza. Na ugali huu ambao Mkenya huapa kwamba ni wa mababu, mababu waliusonga kwa mtama, wimbi na uwele.

Chapati? Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta takriban vibarua 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini maelfu walibaki, wakaungana na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa Pwani kabla yao, na jikoni zao zikabaki nao. Chapati yao ya kila siku ni ya unga usiokobolewa, kavu, haina mafuta. Yetu ni ya unga mweupe, hupakwa mafuta, hukunjwa na kusukumwa upya ili iwe na matabaka. Kwa hakika inafanana zaidi na ile ambayo Wahindi wenyewe huiita 'paratha'. Tulichukua jina la ndugu mmoja na umbo la mwingine, tukaila Krismasi na matangani.

Ukitaka ushahidi mwingine, sikiliza watu wanavyoagiza chakula. Pwani wanasema sambusa. Nairobi wanasema samosa. Wanaobishana ni lipi neno sahihi wanapoteza muda, kwa sababu ni chakula kimoja chenye asili ya Kiajemi kilichotufikia kwa njia mbili: moja ya Waarabu, nyingine ya Wahindi. Viazi karai navyo vinabeba jina la chombo, kwa kuwa karai ni neno la Kihindi la kikaango kipana. Kachumbari na bajia ni za huko huko. Lakini maandazi ni yetu kwa jina. Kama vile vaa huzaa vazi na kaa huzaa makazi, ndivyo andaa inavyozaa andazi. Mwandazi wa zamani alikuwa fundi wa vitu vya unga.

Nayasema haya kwa sababu kila mwaka hutokea mwanafunzi wa kuniambia kwamba Waswahili hawana chakula chao, kila kitu wameazima. Mimi humuuliza: biriani ya Mombasa umeila? Jina ni la Kiajemi na kwa Wahindi wengi nyama na wali hupangwa matabaka, vikaiva pamoja ndani ya chungu kilichofunikwa kabisa. Mombasa wali hupikwa mbali, masala yakapikwa mbali, vikakutana sahanini. Hilo si kosa la mwanafunzi aliyenukuu vibaya. Ni uamuzi wa mpishi aliyekijua alichokuwa akikifanya. Anayeazima pishi akalipika miaka mia mbili jikoni mwake, akalirekebisha kwa nazi yake na ulimi wake, halidaiwi tena.

Tatizo letu liko kwingine, nalo ni namna tulivyorithishana ujuzi huo. Al-Baghdadi aliandika. Bibi alisema. Na aliposema, neno lake kuu lilikuwa 'kiasi'. Maji kiasi. Moto wa kiasi. Chumvi? Kiasi. Vijana wa leo hucheka wakisikia hivyo, kwani wamezoea maelezo yenye vikombe, gramu na dakika. Wanadhani wazee hawakuwa na vipimo. Si kweli. Kulikuwa na kibaba, kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni vibaba vinne. Leo sokoni tuna gorogoro. Vipimo vilikuwepo, lakini vilikuwa vya kununulia na kugawia nafaka. Unga ukishaingia bakulini, kipimo kilihamia mkononi.

Na lugha ya mkono huo ni tajiri mno. Bibi hakusema "weka sufuria jikoni", alisema teleka. Hakusema "toa", alisema epua. Nazi ilikunwa kwenye mbuzi (na hapa mwanafunzi wangu wa sarufi aelewe kwa nini mnyama ni mbuzi wangu lakini kifaa ni mbuzi yangu), tui likachujwa kwa kifumbu, la kwanza likawekwa kando, la pili likapikiwa. Mchuzi uliungwa. Wali ulipaliwa makaa. Nimesahihisha insha za wanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa nne wasiojua kifumbu ni nini. Chombo kikiondoka jikoni, neno lake nalo huaga.

Basi, baada ya ile simu niliteremsha sanduku la kanda. Binti yangu alinitafutia mtambo wa kuzichezea. Nilisikiliza jioni tatu. Katika kanda ya kumi na moja Bibi ananitegea vitendawili, na nyuma yake kuna mlio wa mafuta na sauti ya msichana anayeuliza jambo. Bibi anakatiza kitendawili, anageuza uso, anasema: "Sitie maji mangi, mwanangu. Uwe mzito, ukiuvuta uvutike. Upige kwa mkono mpaka usikie unapumua. Kiasi tu, mkono wenyewe utakwambia. Halafu ukitia kwenye mafuta, moto..."

Hapo inaingia sauti ya kijana mwenye adabu na haraka zake. Ni mimi. Ninasema: "Samahani Bibi, tunaomba kimya kidogo, inaingia kwenye kanda." Bibi ananyamaza, kisha anarudi kwenye kitendawili. Kitendawili hicho kimo katika tasnifu yangu. Cha moto hakimo popote.

Nilimtumia mjukuu wake kipande hicho, hakifiki hata dakika moja. Kwa yale aliyoyapata humo na yale aliyoyakumbuka kwa kujaribu na kukosea, sasa anapika hivi, na ameniruhusu niwape wasomaji. Unga wa ngano vikombe viwili, hamira kijiko kidogo kimoja, sukari kijiko kikubwa kimoja, chumvi kidole, iliki iliyotwangwa. Tia tui jepesi la vuguvugu kikombe kimoja, ongeza kidogo kidogo hadi unga uwe mzito wa kuvutika. Upige kwa mkono dakika kumi, ufunike, uache saa moja. Lowesha mkono, minya unga katikati ya dole gumba na kidole cha shahada, udondoshee katika mafuta mengi. Moto uwe wa wastani, kwani ukiwa mkali zitaiva nje zibaki mbichi ndani. Zigeuze bila kuchoka mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Chemsha kikombe cha sukari kwa nusu kikombe cha maji na iliki mpaka shira inate, uzigaragaze humo.

Siku ya kwanza zilitoka ngumu kama kokoto, aliniambia. Siku ya tatu zikatoka sawa.

Nikamuuliza kama kanda ilimsaidia. Alikawia kujibu. "Ilinisaidia, Profesa. Lakini kilichonishangaza ni pale ulipomwambia anyamaze, akanyamaza. Bibi hakuwa mtu wa kunyamazishwa."

Nami nafikiri najua ni kwa nini alikubali. Alidhani kijana msomi anajua lipi lina thamani ya kuhifadhiwa na lipi ni kelele za jikoni. Sikujua. Wewe ambaye mama yako au nyanya yako angali hai, simu uliyo nayo mfukoni ina kinasa sauti bora kuliko nilichokuwa nacho mimi. Mfuate hadi jikoni, usimtoe. Akisema kiasi, mwombe amimine kwanza kwenye kikombe uone. Na akizungumza na mwingine katikati ya mahojiano, mwache aseme mpaka mwisho.