Kinamasi Chini ya Stesheni

Mvua ikinyesha jioni, stage ya Railways hugeuka bwawa. Kama wewe ni mtu wa Nairobi umewahi kusimama pale, viatu mkononi, makanga akipandisha nauli mara mbili bila aibu, na vijana wa mkokoteni wakitaka pesa wakuvushe Haile Selassie. Sisi hulaumu kanjo na mitaro yao iliyoziba. Ni haki yao kulaumiwa. Lakini maji yale yana historia ndefu kuliko kanjo yeyote.

Mwaka 1896, mwanajeshi Mwingereza aitwaye George Ellis aliweka bohari ya vifaa kwenye uwanda huu. Mei 1899 reli kutoka Mombasa ikafika, na mhandisi mkuu George Whitehouse akahamishia makao yake hapa. (Haile Selassie yenyewe iliitwa Whitehouse Road zamani.) Sababu zake zilieleweka: ardhi tambarare kabla ya treni kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa, na maji ya mto ulioipa Nairobi jina, Enkare Nairobi, yaani maji baridi kwa Kimaasai. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kupanga mabehewa, palifaa sana. Kwa mtu anayetaka kulala, kupika na kwenda choo, la. Ni kinamasi, na udongo wake ni ule mweusi unaonata, unaovimba ukipata maji na kupasuka ukikauka. Kila fundi wa mjengo anaujua.

Watu walikuja hata hivyo. Makarani, wafanyabiashara Wahindi, vibarua, wote wakabanana karibu na stesheni. Mwaka 1902 tauni ikaingia, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto kwa amri ya serikali. Mwaka 1904 madaktari wakaomba mji wote uhamishwe, kwa kuwa mahali penyewe ni pa kuzalisha magonjwa.

Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo tathmini ya kwanza ya mazingira kuwahi kufanywa kuhusu ardhi ya stesheni ya Nairobi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Na ilikuwa sahihi! Shida ni kwamba ilikuja miaka mitano baada ya reli. Winston Churchill alipopita hapa 1907, aliona kasoro hiyo hiyo, kisha akaandika katika kitabu chake cha 1908 kuwa muda wa kubadilisha umeshapita. Majengo yalikuwa yamesimama, pesa zimeingia. Nani angeng'oa stesheni?

Basi mji ukabaki, na hoja ya afya ikatafutiwa kazi nyingine. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza usafi. Alianza na magonjwa, akamalizia na rangi ya ngozi: alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika waishi mbali mbali. Mtu anayepita leo kutoka Muthurwa hadi Upper Hill kwa miguu bado anaupita mpaka huo, ingawa hauna geti. Ndiyo maana mimi husikia neno "usafi" likitoka kwa mwenye mpango wa kujenga, nikashika mfuko wangu.

Sasa kuna mpango mpya, Nairobi Railway City: takriban ekari 425 kati ya Haile Selassie, Uhuru Highway, Bunyala Road na Landhies Road. Desemba 2022 Rais Ruto alizindua ujenzi wa stesheni mpya. Wazo lenyewe ni zuri, nisionekane mpingaji wa kila kitu. Nyumba, ofisi na maduka yakizunguka treni, watu wengi hawatahitaji gari, na tao litapumua. Nimekaa kwenye jam ya Jogoo Road vya kutosha kulipenda.

Tofauti kati yetu na watu wa 1904 ni kwamba sisi tuna sheria. Ile ya mazingira ya 1999 inadai tathmini ifanywe kabla ya mradi kuanza, NEMA ikiupa leseni au ikiukatalia. Katiba ya 2010 ikaongeza haki ya mazingira safi na ushiriki wa umma. Mwaka 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo ripoti nene si tiketi.

Na pale pale karibu na stesheni tuna somo la karibu zaidi. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, walianza kufurushwa ili ardhi iendelezwe. Walienda mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kuwa haki yao ya makazi ilikiukwa. Hawakuwa wakipinga maendeleo. Walitaka kuulizwa kabla tingatinga halijafika, ambalo ndilo jambo madaktari wa 1904 walilikosa.

Kwa hiyo nikisikia "tathmini" nauliza vitu vya kawaida. Zege likifunika ekari zote hizo, maji ya Aprili yataenda wapi: Mto Nairobi, halafu Gikomba? Tuliona 2024 mafuriko yalivyofanya kando ya mito, na tingatinga zikafuata nyuma yake. Udongo chini ya karakana za reli umebeba nini baada ya zaidi ya karne moja ya mafuta na grisi? Wachuuzi wa soko la Muthurwa watakuwa wapi miaka yote ya ujenzi, si baadaye kwenye mchoro wenye miti mizuri?

Matangazo ya ripoti kama hizo hutoka kwenye magazeti na Gazeti Rasmi la Serikali. Mama anayeniuzia mayai pale stage hasomi Gazeti Rasmi. Lakini nilipomuuliza maji huanza kupanda upande gani, hakufikiria hata sekunde moja. Alinyoosha kijiko, akanionyesha, kisha akasogeza ndoo yake upande wa pili kwa sababu wingu lilikuwa limeshaanza.