Jinsi mabaki ya dawa ya kwekwe yanavyopimwa udongoni

MABAKI ya dawa ya kuua kwekwe hayatui juu ya udongo kama vumbi juu ya meza. Huzama katika vinyweleo vya madini na kushikiliwa humo kwa nguvu za kikemia. Ndiyo sababu maabara mbili zinaweza kupima udongo wa shamba moja zikapata majibu tofauti, ilhali zote zimefanya kazi kwa uaminifu.

Chanzo ni maumbile ya udongo wenyewe. Mfinyanzi aina ya montimorilonaiti, unaopatikana katika udongo mweusi wa kunata, umejengwa kwa matabaka membamba mithili ya kurasa za kitabu. Kurasa hizo zikitandazwa, gramu moja pekee hufikia takriban mita mraba 700. Udongo mwekundu wa nyanda za juu, kwa upande wake, una oksidi nyingi za chuma na aluminiamu.

Kila dawa ina pake pa kujishikiza. Parakwati, yenye chaji chanya, hujipenyeza baina ya kurasa za mfinyanzi zenye chaji hasi. Glifosati hung'ang'ania oksidi. Atrazini, inayonyunyiziwa mahindi, hushikwa zaidi na mboji na hulegea kwa urahisi.

Kuchopoa

Udongo huchotwa sehemu mbalimbali za shamba, ukachanganywa na kuchekechwa ili sampuli iwakilishe shamba zima. Kisha huchaguliwa kimiminika kinachoweza kuivunja nguvu iliyoishikilia dawa.

Atrazini hutolewa kwa kutikisa udongo ndani ya methanoli au asetonitrili. Mbinu iitwayo QuEChERS, iliyochapishwa mwaka 2003 kwa ajili ya matunda na mboga, sasa hutumika pia kwa udongo. Glifosati haiyeyuki katika vimiminika hivyo. Huhitaji maji yenye alkali, kama vile haidroksidi ya potasiamu. Aidha, hutumiwa vyombo vya plastiki kwa kuwa dawa hiyo huweza kunata kwenye kioo. Parakwati ndiyo sugu kuliko zote: udongo huchemshwa kwa saa kadhaa katika asidi kali ya salfuriki.

Kupima

Kilichochopolewa husafishwa, kisha hupitishwa katika mtambo wa kromatografia unaotenganisha kemikali, na kutambuliwa kwa uzito wa molekuli zake. Parakwati ina njia ya zamani pia: ikitiwa daithionaiti ya sodiamu katika alkali hugeuka samawati, na ukolezi wa rangi hiyo ndio hupimwa.

Hata hivyo, mtambo huhesabu kilichotoka tu, si kilichosalia ndani. Kwa hivyo, mtaalamu hutia kiasi anachokijua cha dawa katika udongo safi, kisha hujaribu kukirejesha. Akitia mikrogramu 10 akapata 8, marejesho ni asilimia 80. Aghalabu, wastani wa kati ya asilimia 70 na 120 hukubalika. Lakini dawa iliyotiwa leo hutoka upesi kuliko iliyokaa udongoni miezi mingi, hivyo hata jaribio hilo laweza kumpa mpimaji matumaini ya kupita kiasi.

Maana yake kwa mkulima

Anayekodi shamba lililokuwa la mahindi ili apande maharagwe ana sababu ya kujua haya, kwani maharagwe huweza kuungua kwa atrazini iliyosalia. Kwake yeye, kipimo cha dawa inayotoka kwa maji ndicho cha maana zaidi, kwa sababu mizizi hunywa maji, wala si asidi. Anayelinda mto, naye, huhitaji pia jumla ya dawa yote, kwani mmomonyoko hubeba udongo pamoja na kilichong'ang'ania ndani yake.

Cheti kikisema "hakuna mabaki", yafaa kuuliza: ni dawa ipi iliyotafutwa, ilichopolewa kwa nini, marejesho yalikuwa asilimia ngapi, na mtambo huanzia kuona kiasi gani? Bila majibu hayo, kutoonekana si kutokuwepo.