Risasi Katika Damu ya Mtoto: Kisa cha Dandora

Leo tunazungumzia madini ya risasi, yale yale yanayotengeneza risasi za bunduki. Haya huingia mwilini kimyakimya, kwa vumbi, kwa moshi na kwa mikono michafu ya mtoto.

Jaa la taka la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975. Moshi wake kila mtu aliuona. Risasi hakuna aliyeiona, kwa maana mtoto mwenye risasi damuni aweza kucheza vizuri nje, huku ubongo wake ukidhurika. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, lilitoa ripoti. Watoto na vijana 328 wa karibu na jaa walichunguzwa. Takriban nusu yao walikuwa na mikrogramu 10 za risasi au zaidi katika kila desilita ya damu. Wakati huo, hicho kilikuwa kiwango cha hatari.

Je, kitu kidogo hivyo hupimwaje? Njia moja ni ya umeme. Mwaka 1922 huko Prague, Jaroslav Heyrovský alianza kupima madini yaliyoyeyuka majini kwa umeme na matone ya zebaki. Mwaka 1959 alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini zebaki nayo ni sumu, basi waliomfuata wakageukia dhahabu na kaboni.

Mwaka 2006 Marekani iliruhusu kifaa cha LeadCare II kitumike katika kliniki ndogo. Matone machache ya damu ya kidole hutiwa kwenye kipande chenye punje ndogo mno za dhahabu. Umeme huvuta risasi ikanata hapo, kisha huiachilia, na mkondo unaotoka huonyesha kiasi chake. Majibu hutoka kwa dakika 3. Siku hizi watafiti wanajaribu pia nyuzi nyembamba za kaboni zenye punje za madini.

Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama. Likiona 5 tu, lataka chanzo kitafutwe.

Kwa hiyo, mzazi, mwoshe mtoto mikono kabla ya kula. Ukitoka kuokota vyuma, vua nguo za kazi kabla ya kumbeba. Usichome nyaya wala kupasua betri za gari nyumbani. Mpe maharagwe, omena na mboga. Na ukiwa na shaka, usingoje dalili: mwulize daktari kuhusu kipimo cha damu.