Mtutu wa Bomba la Maji: Bunduki za Msituni Kenya, 1952–1956

Wanafunzi wa historia wanapofika kwenye mada ya Mau Mau, swali la kwanza huwa lile lile: wapiganaji wa Nyandarua na Mlima Kenya walizipata wapi bunduki? Jibu la mkato ni kwamba wengi wao hawakuzipata, bali walizitengeneza, na humo ndimo ilimo sehemu ya historia ya jirani zetu ambayo vitabu vya shule huigusa kwa sentensi moja na kuondoka.

Tuanze na bunduki halisi. Silaha ya kawaida ya askari wa Mwingereza, na ya askari wa King's African Rifles waliotoka Kenya, Uganda na Tanganyika kwenda kupigana Burma, ilikuwa Lee-Enfield. Mtutu wake wa awali ulikuwa na urefu wa sentimita 77 hivi. Baada ya vita vya Makaburu, Waingereza waliona kwamba askari wa miguu na wa farasi wanaweza kutumia bunduki ya aina moja iwapo itafupishwa, na mwaka 1904 wakatoa toleo lenye mtutu wa sentimita 64. Mwaka 1944 walifupisha tena, safari hii kwa ajili ya vita vya misituni, hadi kufikia sentimita 48 hivi. Hata kiwanda chenye vipimo vyote hakikuumaliza ufupisho huo bila gharama. Bunduki ile fupi ilipiga bega la mfyatuaji kwa nguvu, na askari walilalamika kwamba leo inalenga hapa, kesho pale.

Ni vema msomaji aelewe sababu, maana bila hiyo hataona tofauti kati ya kiwanda na msitu. Ndani ya mtutu wa bunduki mna mifereji myembamba iliyojipinda kama uzi wa parafujo, nayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Mahali pa mwisho risasi inapoguswa na chuma ni ukingo wa mdomo. Ukingo huo ukiwa sawa pande zote, moshi na hewa ya moto inayoisukuma risasi hutoka kwa mlingano. Ukiwa umekwenda upande, au umebaki na kijino cha chuma kilichoachwa na msumeno, upande mmoja huachia kabla ya mwingine na risasi hupinda njia ingali mdomoni. Ndiyo maana fundi wa kiwandani, akishaukata mtutu, huusawazisha mdomo wake kwa mashine na kuuchonga ukingo kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Fundi wa Mau Mau hakuwa na mashine hiyo. Alikuwa na bomba la maji, msumeno wa chuma, tupa, komeo la mlango, vipande vya mpira wa tairi na mti wa kuchonga kitako. Ndani ya bomba hamkuwa na mifereji yoyote, na chuma chake hakikukusudiwa kustahimili kishindo cha baruti, kwani kilikusudiwa kupitisha maji. Baadhi ya mafundi hao walifanya kazi kwa siri Nairobi kabla ya mji kusombwa na Operesheni Anvil ya Aprili 1954, wengine ndani ya msitu wenyewe. Bunduki zao zilirusha risasi karibu tu, na mara nyingine zilipasuka mikononi mwa mfyatuaji. Aliyebeba bunduki ya namna hii alikuwa amekubali kwamba huenda itamuua yeye kabla ya adui.

Kwa nini basi waliendelea kuzitengeneza? Naona sababu mbili. Kwanza, bunduki halisi zilikuwa chache. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walikivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawafungua wafungwa na kuondoka na silaha, lakini ushindi wa aina ile haukujirudia mara nyingi. Pili, kwa mbali bomba lenye kitako cha mti huonekana kama bunduki, na mtu aliyeelekezewa mdomo wake hana nafasi ya kuuliza ulisawazishwa namna gani.

Serikali yenyewe iliujua utofauti huo. Katika hesabu zake za silaha zilizokamatwa, bunduki za kiwandani ziliandikwa peke yake na za kienyeji peke yake. Sheria, hata hivyo, haikutofautisha. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na chini ya kanuni zake kukutwa na silaha au risasi bila kibali likawa kosa la kunyongwa. Walowezi wakati huo huo walikwenda mjini na bastola viunoni. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyewahi kupigana Burma kwa ajili ya Mfalme, alikamatwa Januari 1954 na kuhukumiwa kifo kwa kukutwa na risasi na kushirikiana na watu wenye silaha; alinusurika tu kwa sababu alikubali kusaidia mazungumzo ya kusalimu amri. Zaidi ya watu 1,000 hawakunusurika, na chini ya nusu yao ndio waliopatikana na hatia ya mauaji. Waliobaki walinyongwa kwa makosa mengine, na kumiliki silaha ni miongoni mwa makubwa.

Hapa huwauliza wanafunzi wangu: je, nchi yaweza kudhibiti silaha bila kumnyonga mtu kwa ajili ya risasi mfukoni? Mjadala huchukua kipindi kizima. Mimi nasema kudhibiti silaha ni wajibu wa kila serikali, lakini adhabu isiyopima kosa si udhibiti.

Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Mahakama iliyoketi Nyeri haikumshtaki kwa mauaji wala kwa kuongoza vita. Ilimshtaki kwa kumiliki bastola na risasi, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa. Miaka 50 baadaye, siku ile ile, sanamu yake ilizinduliwa Nairobi, katika barabara yenye jina lake. Mkono mmoja umeshika kisu cha vita na mwingine bunduki ndefu. Bastola iliyompeleka kitanzini haimo.