Ngozi ya Ndege: Historia Fupi ya Mistari na Ribiti katika Ndege za Mfano

Mtu akionyeshwa ndege ya mfano iliyotengenezwa kwa ustadi, jambo la kwanza aonalo ni umbo lake: pua, mabawa, kiwiliwili na mkia. Akisogea karibu ndipo atambuapo ya kuwa juu ya umbo hilo pana mambo mengine madogo madogo: mistari myembamba ipakanayo kama mipaka ya mashamba, safu za vitone, vifuniko vya mraba, na mabaka ya moshi nyuma ya mitambo. Wengi hudhani kwamba hayo ni mapambo tu, na humshangaa mtu mzima akeshaye usiku kucha akitia vitone elfu kadhaa juu ya bawa la plastiki. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba hayo si mapambo bali ni aina ya maandishi, na kwamba ayasomaye hupata humo habari za jinsi ndege yenyewe ilivyoundwa, na pengine jinsi ilivyoangamia. Mwisho wa safari yetu tutafika Entebbe, mahali ambapo historia hii inatugusa sisi wenyewe wa Afrika Mashariki.

I. Ngozi ilivyopata mishono

Ndege nyingi za mwanzo ziliundwa kwa miti na kuvikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Katika miaka ya 1930 waundaji walianza kwa wingi kuzivika mabamba ya alumini, na ngozi hiyo mpya haikuwa vazi tu, bali ilibeba sehemu ya mzigo wa ndege. Mabamba yaliunganishwa kwa ribiti, yaani vijiti vifupi vya metali vipitishwavyo katika tundu na kupondwa mwisho wake hata visiweze kutoka. Tangu siku hizo ndege ikawa na mishono, na mishono hiyo ndiyo mistari na vitone aviigavyo fundi wa ndege za mfano.

Lakini vichwa vya ribiti vikijitokeza juu ya bamba huukwaza upepo. Ndege ya Howard Hughes iitwayo H-1, ambayo ribiti zake zilizamishwa zikawa sawa na uso wa bamba, iliweka rekodi ya dunia ya ndege zirukazo kutoka nchi kavu mwaka 1935 kwa mwendo wa kilomita 567 kwa saa. Huko Uingereza waundaji wa Spitfire walitaka kujua ni ribiti zipi hasa zilizostahili gharama ya kuzamishwa. Walichukua njegere zilizopasuliwa nusu, wakazigandisha kwa gundi juu ya kila ribiti iliyozamishwa, kisha wakairusha ndege. Mwendo ulipungua kwa kiasi cha kilomita 35 kwa saa. Baada ya hapo wakaziondoa njegere safu baada ya safu, wakipima kila mara, hata wakajua ni wapi ribiti za vichwa vya mviringo zisingeleta hasara. Basi fundi wa leo atengenezapo Spitfire, akizamisha ribiti za bawa na kuziacha za nyuma ya kiwiliwili zimejitokeza kama ilivyokuwa katika zile za mwanzo, anaandika upya matokeo ya jaribio lile la njegere.

II. Vivuli vyeusi

Wakati huohuo ndege za mfano nazo zilikuwa na historia yao. Mwaka 1932, Mwingereza James Hay Stevens alianzisha ndege ndogo za mbao zilizoitwa Skybirds, kwa kipimo cha 1:72, yaani inchi moja badala ya futi sita, karibu na kimo cha mtu. Mwaka 1936 zikafuata zile za Frog Penguin, zilizofinyangwa kwa plastiki ya siku hizo. Hizo zilikuwa ndogo, na juu ya miili yao hapakuwa na mengi ya kusomwa.

Kisha vita vikaja, na ndege za mfano zikapewa kazi ambayo hazijaisahau. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliziomba shule za nchi hiyo zitengeneze ndege 500,000 za mbao, kwa kipimo kilekile cha 1:72, ili askari wajifunze kupambanua ndege ya rafiki na ya adui. Wanafunzi na walimu wao wa useremala walichonga, wakasugua kwa msasa, kisha wakazipaka rangi nyeusi tupu. Hapakutakiwa mstari wala kitone. Askari aliye melini huiona ndege kama kivuli angani, na kwa hiyo kilichohitajika ni kivuli kilicho sahihi.

Hapa yafaa tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye ufunguo wa habari yetu. Ndege ya mfano haiwezi kuonyesha kila kitu. Huonyesha kile ilichoulizwa. Swali la mwaka 1942 lilikuwa, “Ndege hii ni ipi?” nalo lilijibiwa kwa umbo. Baada ya vita swali lilibadilika, likawa, “Ndege hii iliundwaje?” Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kivuli.

III. Mstari ulioinuka na mstari uliochimbwa

Mwaka 1953 kampuni ya Airfix, iliyokuwa imeasisiwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, ilitoa Spitfire yake ya kwanza ya plastiki kwa kipimo cha 1:72. Kwa miaka mingi baadaye ndege nyingi za namna hiyo zilikuwa na mistari iliyoinuka juu ya plastiki, ingawa kwenye ndege yenyewe mpaka kati ya bamba na bamba ni ufa mwembamba uliozama. Je, mafundi hawakujua? Walijua. Sababu ilikuwa katika kalibu ya chuma. Kilichochimbwa ndani ya kalibu hutokea kimeinuka juu ya plastiki. Na kukwaruza mfuo katika chuma ni kazi nyepesi. Ili plastiki itoke na mstari uliozama, ilimpasa fundi auache ukuta mwembamba usimame ndani ya kalibu na kuondoa chuma chote kilichouzunguka. Hiyo ni kazi ya gharama. Njia za kutengeneza kalibu zilipoendelea, kuanzia miaka ya 1980 mistari iliyochimbwa ilizidi kuwa ya kawaida, na kampuni za Japani kama vile Hasegawa na Tamiya zilisifika kwayo.

Jambo la pili lililobadilisha kazi hii ni ukubwa. Tuchukue ribiti yenye kichwa cha upana wa milimita 5. Kwa kipimo cha 1:72 upana huo haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na jicho haliwezi kuudai. Kwa kipimo cha 1:24, ambacho Airfix ilikitumia kwa Spitfire ya mwaka 1970 na kwa ndege ya jeti Harrier ya mwaka 1974, unakuwa milimita 0.2, na jicho huanza kuuliza. Kwa kipimo cha 1:5 unakuwa milimita 1 kamili. Hapo ndege isiyo na ribiti huonekana kama sabuni.

Hicho cha mwisho ndicho kipimo cha baadhi ya jeti kubwa za mfano zirushwazo kwa redio. Katika miaka ya 1990 injini ndogo za jeti za kweli, mfano wa zile alizozibuni Kurt Schreckling wa Ujerumani, ziliwafikia mafundi wa nyumbani. Miili ya ndege hizo aghalabu hufinyangwa kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu, nayo hutoka laini kama yai. Ngozi hapana budi itiwe kwa mkono.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza fundi hukusanya picha na michoro ya ndege ileile aitakayo, kwani ndege mbili za aina moja huweza kutofautiana kwa vifuniko na viraka. Huichora mistari kwa kalamu ya risasi, kisha huibandika juu yake utepe mwembamba sana. Hunyunyiza rangi nzito ya msingi juu ya mwili wote, huacha ikauke, halafu husugua kwa msasa wa maji hata utepe uonekane tena. Autoapo utepe, pale ulipokuwapo hubaki mfuo mwembamba wenye kingo safi. Ribiti zenye vichwa hutiwa kwa gundi nyeupe ya seremala, tone baada ya tone, kwa bomba la sindano. Zile zilizozamishwa hupigwa muhuri kwa kijirija cha shaba kilichonolewa mdomo, ambacho huacha duara dogo juu ya rangi. Mwisho huja uchafu: masizi nyuma ya mtambo, mafuta chini ya vifuniko, rangi iliyochakaa pale mafundi wakanyagapo.

Kosa la wengi ni kuzidisha. Mfuo wa milimita 0.3 katika kipimo cha 1:32 ni sawa na ufa wa karibu sentimita moja katika ndege yenyewe. Hakuna rubani ambaye angekubali kuirusha. Na mara nyingine uaminifu ni kufuta, wala si kuongeza. Mabawa ya P-51 Mustang yalijazwa lipu na kusuguliwa kiwandani ili upepo upite bila kikwazo; mwenye kuyajaza ribiti kotekote amepotosha habari kwa bidii yake.

IV. Ndege iliyotua Entebbe

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya de Havilland Comet, yenye alama G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti ya abiria waliolipa nauli kwa ratiba. Ilipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kesho yake kwa muda usiotimia saa 24. Kwa hiyo Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuiona jeti ya abiria ikitua na kuruka.

Ngozi ya Comet ilikuwa nyembamba, sehemu nyingi haifikii milimita moja, na mahali pengi mbavu za ndani ziligandishwa kwa gundi ya Redux, iliyobuniwa Duxford, Uingereza, mwaka 1941. Fundi wa ndege za mfano hana budi kujua hayo asije akaijaza ribiti mahali zisipokuwapo. Lakini kandokando ya madirisha na vifuniko ribiti zilikuwapo, na huko ndiko ajali ilikojificha.

Tarehe 10 Januari 1954 ndege ileile G-ALYP, baada ya kuruka kutoka Roma, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba. Watu wote 35 waliokuwamo walikufa. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine ikapotea karibu na Naples na watu 21. Wachunguzi wa Farnborough, chini ya uongozi wa Arnold Hall, walizamisha mwili mzima wa Comet ya tatu katika tangi la maji, wakawa wanaujaza shinikizo na kuliondoa, kana kwamba unapanda angani na kushuka. Mwezi Juni ulipasuka, ukiwa umetimiza jumla ya safari 3,057, za kweli na za tangini. Kadhalika walitengeneza mfano wa kiwiliwili kwa kipimo cha 1:10, wa plastiki ipenyayo nuru, wenye viti na vinyago vya abiria, ili waone yatokeayo ndani ngozi ipasukapo ghafula. Mfano huo haukuwa na mstari wala ribiti juu yake, kwa maana swali lake lilikuwa jingine.

Vipande vilivyoopolewa baharini vilitoa jibu. Ufa wa G-ALYP ulianza ukingoni mwa kidirisha cha antena juu ya paa, kwenye tundu dogo la kufungia bamba. Metali ilikuwa imechoka kwa kuvutwa na kulegezwa kila safari. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa haukuonekana, na hapakuwa na wa kuujengea ukuta.

Comet 4 iliyofuata ilikuwa na ngozi nene zaidi na madirisha ya mviringo. Ndiyo iliyonunuliwa na East African Airways na kuanza kazi mwaka 1960, katika shirika lililokuwa mali ya nchi zetu kwa pamoja hadi lilipokwisha mwaka 1977. Mtu atakaye kutengeneza Comet ya shirika hilo akaikata madirisha yenye pembe, hatakuwa amekosea urembo. Atakuwa amefuta somo lililolipiwa kwa roho za watu.

V. Faida kwetu walimu

Ndugu walimu, kazi ya mikono kama hii yaweza kuingia darasani bila gharama kubwa, kwa kipande cha mbao laini, msasa na gundi. Tuwaulize wanafunzi kwanza, “Ndege yako itajibu swali gani?” kisha tuwaache wataje kwa Kiswahili kila sehemu waigusayo. Watagundua kwamba maneno mengi yapo tayari: kiwiliwili, bawa, mbavu, bamba, kalibu, mfuo, lipu, msasa, ufa. Mengi ya hayo tuliyapata kwa maseremala na wahunzi kabla ya jeti yoyote kuruka, na bado yanatutosha. Na yule atakayeuliza kwa nini ahangaike na tundu dogo lisiloonekana kwa mbali, tumsimulie habari za ndege iliyopita Entebbe tarehe 2 Mei 1952.