Mikono ya Mama na Dawa za Pumu

Mama alikuwa fundi cherehani Chaani, hapa Changamwe, na pumu yake ilipenda usiku. Miaka ya sitini ikielekea kuisha, mimi mtoto, niliamshwa na mluzi wa kifua chake kabla ya adhana ya alfajiri. Baba, kuli wa bandari ya Kilindini, alitoka kutafuta gari la kumpeleka kudungwa sindano ya adrenalini. Kifua kilifunguka. Lakini Mama alirudi midomo imempauka, kichwa kinamgonga, na moyo unakwenda mbio hata nikauona ukipiga chini ya kanga.

Niliposomea ufamasia ndipo nilipoelewa. Adrenalini mwili huitengeneza wenyewe, na mishipa ya fahamu hutoa nduguye, noradrenalini. Zote mbili hazitendi kitu mpaka zifunge kwenye vipokezi, navyo si vya namna moja. Baba angenielewa upesi: meli ya mafuta haiendi gati la makasha. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alipima dawa za ukoo huo, akaona mpangilio wa ukali wake katika kubana mishipa ya damu haulingani na ule wa kwenye moyo. Akatenga vipokezi vya alfa na vya beta. Sindano ya Mama ilifunga kwenye magati yote kwa pamoja: alfa ikambana mishipa, beta ikamfungua kifua na kumkimbiza moyo.

Baadaye akapewa vidonge vya efedrini. Hivyo vilimnyima usingizi, naye akautumia usiku kushona nguo za Idi. Majirani walimsifu kwa bidii. Mimi niliyelala chumba kimoja naye nilijua ni dawa.

Huko ng'ambo walikuwa na isoprenalini, iliyoiacha alfa ikaishika beta peke yake. Bado moyo haukupona nayo, na Uingereza vifo vya wagonjwa wa pumu viliongezeka miaka ya sitini, lawama ikiangukia isoprenalini za kupuliza zilizokuwa kali mno. Mwaka 1967 mtafiti Lands na wenzake wakaonyesha kwamba beta nayo ni mbili: beta-1 hasa ya moyo, beta-2 ya njia za hewa. Mwaka 1969 salbutamoli ikaanza kuuzwa, kazi ya David Jack na wenzake mjini Ware, Uingereza.

Kwetu ilifika kama kidonge. Mama akapumua, moyo ukatulia kuliko zamani, ila mikono ikaanza kutetemeka. Beta-2 iko pia kwenye misuli ya mwili, na kidonge kikimezwa huzunguka na damu hadi vidoleni. Nililia siku niliyomwona akilamba uzi mara ya nne, tundu la sindano likimkwepa, mteja amekaa kwenye benchi anangoja gauni. Tangu hapo siwezi kumwambia mgonjwa kwamba kutetemeka ni jambo dogo bila kumuuliza kwanza anafanya kazi gani.

Nilipoanza kupata mshahara nilimnunulia inhela. Kidonge chake kilikuwa na miligramu 4. Mpulizo mmoja una mikrogramu 100, yaani sehemu moja ya arobaini, nayo huenda moja kwa moja kifuani. Uzi ukaanza kupita tena.

Halafu zahanati moja ikamwandikia propranololi kwa ajili ya presha, wala hakuulizwa habari za pumu. Ni dawa bora, zao la James Black mwaka 1964, lakini huziba beta zote mbili. Usiku ule alipuliza inhela bila nafuu: magati yalikuwa yamekaliwa. Alinusurika kwa oksijeni na dripu ya aminofilini.

Atenololi, iliyokuja miaka ya sabini, huelekea zaidi beta-1, ingawa dozi ikipanda nayo huvuka mpaka. Basi mtu akija dukani kwangu Magongo na cheti cha dawa hizi, namuuliza, "Kifua chako kimewahi kupiga mluzi usiku?" Wengine hushangaa, maana wamefuata dawa ya presha. Nangoja mpaka wanijibu.