Kibarua cha Kulea

Zamani Muha akitaka shilingi ilibidi afunge safari. Alipanda treni pale Kigoma, akaenda kukata mkonge Tanga au Morogoro, akaitwa manamba. Wanawake walibaki na watoto, na kwa kulea huko hakuna aliyewalipa hata senti. Kazi ya kulea ilipokuja kupata mshahara huku kwetu juu, ililetwa na vita vya jirani.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na watu wakamiminika mpakani. Mwaka 1996 wakaja wengine, safari hii pamoja na Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu. Kibondo ikawa na Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Kasulu ikawa na Mtabila na Muyovosi. Penye kambi pana vibarua: ulinzi, kupakua magunia, kugawa unga. Wasichana wenyeji nao wakapata kulea watoto waliopotezana na wazazi. Mkataba miezi mitatu. Ukiwa na bahati, unaongezwa.

Ndugu msomaji, usiidharau kazi hiyo. Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake. Mtoto wa Ruyigi ukimbembeleza kwa Kiha hahitaji mkalimani. Ananyamaza, anakushika kanga, basi, umeshakuwa mama. Hapo ndipo penye taabu, maana mkataba haujui mambo hayo.

Wakubwa wa mashirika walikuwa na hoja yao, na mimi naona ilikuwa ya haki. Mwaka 1994 kule Goma vituo vya watoto vilifurika, na baadhi ya waliomo wazazi wao walikuwa hai kambini. Waliwaacha pale kwa sababu kituoni kulikuwa na chakula na dawa. Katika msukosuko ule wa Rwanda watoto zaidi ya 100,000 walitengana na watu wao. Ndiyo maana ikaonekana bora mtoto alelewe na familia ya kwao, huku Msalaba Mwekundu ukizungusha majina na picha. Kituo kiwe mahali pa kupita tu. Sawa. Lakini anayepita ni mtoto, na yaya naye anapita. Nani basi anakaa?

Dada mmoja wa kijijini kwetu alimlea mvulana wa kama miaka miwili, asiyejua jina la baba yake. Mkataba ulipokwisha, mtoto alimfuata mpaka getini. Mlinzi akambeba kumrudisha ndani. Dada hakugeuka nyuma, anasema angegeuka asingeondoka.

Mwaka huohuo, 1997, jeshi letu liliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini na kuwapeleka makambini. Wengine walikuwa hapa tangu 1972, wameoa na kuolewa na Waha. Zipo nyumba zilizogawanyika siku hiyo, mmoja huku, mwenzake kule. Kwa hiyo watoto wa kututafutia ndugu hawakutoka ng'ambo peke yake.

Mtabila ilifungwa 2012. Nduta, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa tena 2015. Dada yule, sasa mama mtu mzima, akaenda kuomba kibarua kilekile. Karani akamwuliza cheti cha malezi. Akajibu kwamba hana, ila nyimbo anazijua.